Bwawa la Mmoja, Mto wa Wengi

Hotuba ya Halmashauri ndogo ya Maji, iliyosomwa Chimala mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika sherehe kama hii ni desturi kuhesabu mavuno. Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kuyahesabu magunia ya mpunga, wakayataja maghala yaliyojengwa na madeni yaliyolipwa, nasi hatuna la kuongeza juu ya hayo. Tumeomba muda mfupi tuseme juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vya hesabu vya Chama. Jambo lenyewe ni bwawa dogo la udongo, mali ya mtu mmoja, lililojengwa kwa ajili ya starehe. Huenda baadhi yenu mkajiuliza bwawa la starehe la mtu binafsi lahusu nini ushirika wa wakulima. Twaomba mtuvumilie, maana hilo ndilo swali tulilojiuliza sisi wenyewe, na jibu lake tulilipata kwa kuchelewa.

Kila aliyeketi hapa anajua maji yake yatokako. Tukiinua macho upande wa kusini twaiona milima ya Kipengere, na barabara ya Matamba inayoipanda kwa kona zake 57. Huko juu mvua ni nyingi. Huku chini, katika nyanda za Usangu, mvua ni haba, nayo hunyesha msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Mto Chimala na jirani zake, Kimani na Mbarali, hushuka kutoka milimani, hupita chini ya barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, hujaza mifereji yetu na majaruba yetu, kisha masalio yake huingia katika Ruaha Mkuu. Maji hayo ndiyo yaendayo Ihefu, na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hatimaye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto ambao zamani haukukauka, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Kwa hiyo basi, hakuna mtu katika bonde hili awezaye kusema kwamba maji yapitayo kwake ni yake peke yake. Ana jirani juu yake, na ana jirani chini yake.

Sasa tuje kwenye bwawa lenyewe. Katika miaka hii kumi, mtu mmoja mwenye shamba juu ya mifereji ya baadhi ya wanachama wetu alikinga kijito. Jina lake hatulitaji, wala mahali pake, kwani hatukuja kushtaki. Alijenga tuta la udongo lenye urefu wa hatua mia hivi, na kimo chake katikati ni kama watu wawili wakisimama mmoja juu ya mabega ya mwenziwe. Alipanda perege, akajenga vibanda vya nyasi, akaweka mtumbwi. Siku za Jumapili watu walikwenda huko kupumzika, wakala samaki wa kukaanga, na vijana wakapiga makasia. Lilikuwa bwawa la kupendeza.

Hatusemi kwamba starehe ni kosa. Mkulima aliyeinama majarubani tangu alfajiri ana haki ya kukaa kivulini mbele ya maji yaliyotulia. Wala jambo hili si geni katika Nyanda zetu za Juu Kusini. Huko Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, liko Ziwa Ngwazi, ambalo ni bwawa lililotengenezwa na watu. Maji yake yamemwagilia chai, na watu wameburudika hapo pia. Bwawa likijengwa vema na kutunzwa vema, ni mali na ni raha.

Lakini hapa yatupasa kukiri. Sisi wa Halmashauri tulikwenda kwenye bwawa lile la jirani yetu, tukafanya kikao chetu huko, tukaandaliwa chakula. Tulikaa juu ya tuta. Kando yetu ilikuwapo njia ya maji ya ziada, ambayo kazi yake ni kuyatoa maji bwawa linapojaa kupita kiasi. Upana wake haukuzidi mlango wa nyumba, nayo ilikuwa imezibwa kwa wavu wa waya ili samaki wasitoroke. Wavu ulikuwa umejaa majani na vijiti. Tuliuona wavu ule sote. Hakuna aliyesema neno, kwani samaki walikuwa watamu na mwenyeji wetu alikuwa mkarimu.

Msimu wa mvua uliofuata, mvua kubwa ilinyesha mlimani usiku. Vijana wa zamu kwenye banio la mfereji wa chini waliona ajabu: mvua yazidi, na maji ya kijito yapungua. Walipanda na taa zao hata bwawani, wakakuta maji yamebakiza shibiri moja tu yapite juu ya tuta. Waling'oa wavu kwa majembe na mapanga, maji yakapata njia, na tuta likasalimika. Chini ya tuta lile, ndugu wanachama, zilikuwa zimelala nyumba za wenzetu, na watoto ndani yake.

Asubuhi mwenye bwawa alikuja, nasi tukaja. Wengine kati yetu walikuwa wameandaa maneno makali. Yeye aliutazama wavu uliong'olewa, akatutazama sisi, akasema: “Wazee wangu, si mlikaa papa hapa mkala samaki? Mbona hamkuniambia?” Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu tumesimama mbele yenu leo.

Baada ya siku ile tulitafuta kujua, na tuliyojifunza twapenda kuwagawia.

Kwanza, tusidanganywe na neno “dogo.” Chukueni bwawa lenye eneo la nusu hekta, na kina chake kwa wastani kiwe mita 2. Hilo ni bwawa ambalo mtoto aweza kulizunguka kwa dakika chache. Maji yake ni mita za ujazo 10,000, na uzito wake ni tani 10,000. Maji hayo yakitoka kidogo kidogo ni neema. Yakitoka yote kwa nusu saa, hakuna nyumba ya matofali ya udongo itakayoyazuia.

Pili, tuta la udongo lina adui wake mkuu, naye ni maji yapitayo juu yake. Ukuta wa zege huweza kustahimili maji yakiupanda. Tuta la udongo huanza kuliwa mara moja, na likianza kuliwa halikawii. Adui wa pili ni maji yapenyayo ndani yake, kwa kufuata mizizi ya mti uliokufa, au shimo la panya, au bomba lililolazwa bila kushindiliwa udongo vema. Maji yakichuruzika chini ya tuta nayo ni meupe, mwenye bwawa na aangalie kila siku. Yakiwa ya matope, tuta linaliwa kutoka ndani, na wakati wa kuangalia umekwisha: watu wa chini na waambiwe wahame saa ile ile, na maji yapunguzwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tuta la bwawa, asiyeziba ufa huenda asipate hata nafasi ya kujenga.

Kisa cha wavu kilituonea haya zaidi tulipopata habari za Marekani. Katika jimbo la Pennsylvania, juu ya mji wa Johnstown, lilikuwapo bwawa la udongo la South Fork, ambalo serikali ya jimbo ilikuwa imelijenga kwa ajili ya mfereji wa meli. Kazi ile ilipokwisha, bwawa liliuzwa, na mwaka 1879 likaangukia mikononi mwa watu waliounda klabu ya kuvua samaki na kuwinda. Walikuwa matajiri wakubwa wa nchi ile, akiwamo Andrew Carnegie, mfanyabiashara mashuhuri wa chuma. Tuta lilikuwa na kimo cha mita 22, nalo lilikuwa limewahi kubomoka mwaka 1862. Mabomba ya chini, yaliyoweza kulipunguza maji, yalikuwa yamekwisha kuondolewa, wala klabu haikuyarudisha. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapate kupita kwa nafasi. Na katika njia ya maji ya ziada waliweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke.

Mkuu wa kiwanda kimoja cha chuma huko Johnstown, Daniel Morrell, aliingiwa na shaka. Alimtuma mhandisi kulikagua bwawa mwaka 1880, akaiandikia klabu juu ya hatari, akajitolea hata kusaidia gharama ya matengenezo. Klabu ilikataa. Morrell mwenyewe akawa mwanachama wa klabu ile. Twasadiki alitaka kulichunga bwawa kwa karibu; lakini alifariki mwaka 1885, na bwawa likabaki kama lilivyokuwa.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, vyuma vile vilizibwa na takataka, maji yakapita juu ya tuta, tuta likaenda. Habari za hatari zilipelekwa kwa simu ya waya siku ile, lakini watu wa bondeni walikuwa wamezisikia habari kama hizo mwaka hata mwaka, wakazizoea. Maji yalishuka kilomita 23 kwa muda wa saa moja hivi. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Walioathirika walikwenda mahakamani, wala klabu haikulipishwa fidia.

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali na ya kale. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua nyingi. Bwawa lile lilikuwa la kazi za shamba, si la starehe. Lakini udongo haujui tofauti hiyo. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, na wengi walikutwa majumbani mwao. Uchunguzi uliofuata, ukiwamo wa Kamati ya Seneti ya Kenya, ulieleza kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na vibali vilivyotakiwa.

Katika visa vyote viwili, ndugu wanachama, aliyelifaidi bwawa alikuwa juu, na aliyelilipia alikuwa chini. Na katika visa vyote viwili, lilikuwapo jambo ambalo lingeweza kuonekana mapema na mtu yeyote aliye tayari kutazama.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, yasema kwamba maji ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Shamba laweza kuwa lako; tuta laweza kuwa lako; maji hapana. Anayetaka kukinga mto na kutumia maji yake hana budi kupata kibali, na kwetu sisi kibali hicho huombwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Sheria imepanga pia nani atangulie: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuuhifadhi mto na viumbe vyake, kisha ndipo hufuata shughuli nyingine. Starehe haikukatazwa, lakini imepangiwa foleni yake, nayo haipo mbele.

Tusisahau kwamba bwawa hunywa maji hata likiwa limetulia. Bwawa lile la nusu hekta, likipoteza kwa jua milimita 5 tu kwa siku, hupoteza lita 25,000, yaani ndoo 1,250 za lita 20 kila siku. Wakati wa kiangazi, ambapo wanawake wa kijiji cha chini huamka usiku kungoja maji, hesabu hiyo yapasa isemwe mbele ya mwenye bwawa kwa adabu, nayo yapasa asikie. Na mzazi ajue kwamba maji yaliyosimama yenye majani pembeni ni makazi ya konokono wa kichocho. Mahali pa kuogelea pasafishwe majani, choo kijengwe mbali na maji, wala mtoto asiachwe aingie majini bila mtu mzima.

Sasa twapendekeza nini? Wapo waliosema, baada ya usiku ule, kwamba bwawa lile livunjwe. Sisi tulikataa, na leo twakataa tena. Kuvunja tuta kwa hasira ni kuyafungulia maji yale yale tuliyoyaogopa, tena juu ya nyumba zile zile. Wapo pia waliotaka Chama kijenge bwawa lake la starehe kwa haraka ili kipate fedha za viingilio. Hilo nalo twasema lisubiri hata tujue kulitunza.

Kwa wenye mabwawa, na wale wanaofikiria kujenga, twasema hivi. Tafuta kwanza kibali na mhandisi, ndipo utafute koleo. Ondoa udongo wenye mizizi na majani, chimba msingi wa tuta hata ufikie udongo mgumu, ujaze mfinyanzi. Udongo wa tuta upangwe kwa matabaka membamba, yasizidi shibiri moja, na kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu wa kiasi. Ubavu wa upande wa maji ulale zaidi kuliko ule wa nyuma. Njia ya maji ya ziada ichimbwe katika ardhi ya asili pembeni, si juu ya tuta, nayo iwe pana, wala isiwekwe wavu, wala mti, wala jiwe. Samaki akitoroka, na atoroke. Wa chini watamla. Panda nyasi juu ya tuta, usipande miti, na ng'ombe wasilifanye tuta kuwa njia yao.

Kwa maofisa wetu wa maji na wa kilimo, twaomba wasingoje kuitwa. Afisa akija kutazama banio la mfereji, na apande hatua chache zaidi alitazame na tuta lililo juu yake.

Kwa wanachama, tumeamua mambo mawili, na twaomba Mkutano Mkuu uyathibitishe. La kwanza, kila chama cha msingi kilicho chini ya bwawa, liwe la mtu au la kijiji, kichague watu wawili wa kulikagua pamoja na mwenyewe, mara moja kabla ya mvua, na tena kila baada ya mvua kubwa. Wasiende kwa siri wala kwa shari. Wabishe hodi, watembee juu ya tuta na chini yake, waandike walichokiona, na mwenye bwawa apewe nakala. Asipotengeneza, habari ziende Bodi ya Bonde. La pili latuhusu sisi viongozi: hakuna kiongozi wa Chama atakayekaa tena kula kwenye bwawa la mtu kabla hajalizunguka. Twafahamu kwamba baadhi yenu mtacheka. Chekeni, lakini mlipitishe.

Mwenye bwawa lile, twafurahi kusema, aliipanua njia ya maji mwaka ule ule, akaijenga kwa mawe, akaiacha wazi. Sehemu iliyokuwa ikichuruzika aliifukua na kuishindilia upya bwawa likiwa limeshushwa. Vijana wa mfereji walimsaidia kwa siku sita bila ujira, na yeye alipika. Watu wangali wakienda huko siku za Jumapili. Vijana wale wa zamu ya usiku wapo hapa ukumbini, wameketi nyuma karibu na mlango. Katika miaka hii kumi Chama kimewatunukia wengi waliovuna sana. Twaomba leo kabla ya kutawanyika wajumbe wasimame wawashukuru na hawa, ambao mavuno yao hayakuandikwa po pote, maana ni watu waliolala salama usiku ule na kuamka.